Chumba cha kurekodia nyumbani Mbeya: nianze na dari au na maikrofoni?

Mwalimu wa Uyole

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa mnaoishi huku Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu maelekezo mengi niliyoyasoma yameandikwa na watu ambao hawajasikia mvua ya mwezi wa tatu ikilia juu ya bati.

Nina chumba kimoja ambacho hakitumiki, chenye urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7 hadi usawa wa mbao za paa. Kuta ni za tofali za kuchoma, zimepigwa lipu kwa ndani tu. Hakuna dari, ukitazama juu unaliona bati. Sakafu ni ya saruji, dirisha ni moja lenye kioo chembamba, na mlango ni wa plaiwudi unaoacha uwazi wa vidole viwili chini. Malori ya barabara kuu yanasikika usiku kucha.

Ninataka kukifanya chumba hiki kuwa studio kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kurekodi hadithi ninazozikusanya kwa wazee wa Rungwe, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, ili watoto wa shuleni wazisikilize. Ya pili ni kurekodi kwaya yetu ya watu wanane. Kompyuta mpakato ninayo, na nimeweka akiba ya shilingi 2,500,000. Mmiliki wa studio moja ya mjini amenishauri nibandike trei za mayai kuta zote, kisha fedha yote iliyobaki ninunue maikrofoni kubwa ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo.

Ninauliza kwa uchungu kidogo. Mwaka jana nilimrekodi bibi mmoja kwa simu, chumbani humu humu, na mvua ikaanza dakika ya tatu. Sikumkatiza kwa sababu alikuwa ameshaingia ndani ya hadithi. Bibi yule alifariki mwezi wa nane, na rekodi pekee niliyo nayo ya sauti yake ina mvua juu yake hadi mwisho.

Fundi Sauti, Kihesa

Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa msiba wa bibi.

Kabla fedha haijatoka mfukoni, naomba tutenganishe mambo mawili ambayo hata baadhi ya wenye studio huyachanganya. Kuna kuzuia sauti ya nje isiingie, na kuna kutuliza sauti iliyomo ndani isirudi kutoka ukuta hadi ukuta. Kazi ya kwanza hufanywa na uzito na kuziba nyufa; kazi ya pili hufanywa na vitu laini, vinene, vyenye nyuzi ambazo hewa inaweza kupita ndani yake. Kitu kinachofaa kwa kazi moja kwa kawaida hakifai kwa nyingine. Trei za mayai hazifai kwa yoyote: ni nyepesi mno kuzuia lori, ni nyembamba mno kumeza sauti ya mtu mzima, na zikishika moto zinateketea kwa kasi ya kutisha. Naomba usizitumie.

Kuta zako ni mali. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu vizuri unaweza kupunguza sauti kwa desibeli 45 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nami ningekuomba umalizie lipu ya nje, kwa kuwa tofali tupu na viungo vyake hupitisha hewa, na panapopita hewa hupita sauti. Udhaifu wako uko juu, mlangoni na dirishani. Uwazi ulio sawa na sehemu moja tu ya mia ya eneo la ukuta unatosha kuushusha uwezo wa ukuta mzima hadi desibeli 20 hivi, hata kama sehemu nyingine yote ingekuwa ya zege. Ule uwazi wa vidole viwili chini ya mlango ndio unaokuletea malori usiku.

Sasa ndani. Vipimo vya chumba vina sauti zake. Chumba cha mita 3.6 huvimbisha sauti za karibu hezi 48, yaani mitetemo 48 kwa sekunde, upande wa mita 3 huvimbisha karibu hezi 57, na kimo cha mita 2.7 huvimbisha karibu hezi 64, kwa sababu hapo nusu ya wimbi inaenea sawasawa kati ya ukuta na ukuta. Kwa hiyo mwenye sauti ya besi atasikika mnene kupita kiasi akisimama pembeni, na mwembamba akisogea katikati. Sponji ya sentimita mbili haiwezi kulitatua hilo, maana wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4.

Kinachofanya kazi, tena kwa bei ya huku kwetu, ni fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10 au 15 zilizojazwa nguo kuukuu. Mitumba ya madaraja ya chini, ile ya sweta, blanketi na jaketi nzito ambayo wauzaji wa soko la Mwanjelwa huitoa kwa bei ndogo mzigo ukiisha, humeza sauti vizuri sana ikipangwa bila kushindiliwa mno. Funika mbele kwa kitenge au kitambaa chochote unachoweza kupulizia na ukahisi pumzi upande wa pili. Usifunike kwa nailoni. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya fremu na ukuta, kwa sababu nafasi hiyo inaongeza kazi bila kuongeza gharama. Fremu sita zinatosha kuanzia: nne zisimame kwenye kona, mbili ziwe pande za msomaji. Zulia zito liwekwe sakafuni.

Kuhusu kwaya nitasema jambo ambalo huenda usilipende. Chumba cha mita 3.6 kwa 3 hakitakupa kwaya nzuri, hata ukitumia milioni kumi. Watu wanane wanaoimba kwa nguvu mita moja kutoka ukutani hujaza chumba hadi sauti nne zisitofautiane. Kwaya inahitaji nafasi ya juu na mwangwi wa kiasi. Irekodini kanisani, kiangazi, usiku, feni zikiwa zimezimwa, kisha chumba chako kiwe cha hadithi na cha kuchanganyia nyimbo. Ukikubali hivyo, orodha yako ya vifaa inabadilika yote, kwa sababu utanunua vifaa vinavyosafiri.

Seremala wa Mafinga

Kamwene, Mwalimu. Mimi nitasema juu ya dari tu, kwa sababu ndiyo kazi yangu na nimeshazifunga tatu za namna hii.

Mvua juu ya bati haizuiwi kwa dari moja ya jipsamu iliyopigiliwa kwenye mbao za paa zenyewe. Bati linatetemeka, mbao zinatetemeka nalo, dari inatetemeka, na wewe uliye chini unaisikia mvua kama kawaida, ikiwa imepungua kidogo tu. Dari inayosaidia ni ile isiyogusana na paa. Pitisha mbao za inchi mbili kwa sita kutoka ukuta hadi ukuta kwa upande mfupi wa mita 3, zikikaa juu ya ukuta na si kwenye kenchi, chini yake piga jipsamu tabaka mbili, viungo vya tabaka la pili visiangukie viungo vya la kwanza, na juu yake tandaza blanketi kuukuu au sufi ya kuzuia joto. Pembeni kote ziba kwa gundi ya silikoni isiyokauka ikawa ngumu.

Jipsamu ya milimita 12, tabaka mbili, kwa eneo lako la mita za mraba 10.8, ni karibu kilo 200 zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo fundi asikuambie kwamba mbili kwa mbili zinatosha.

Jambo jingine ni ukavu wa mbao. Paini ya msitu wa Sao Hill inauzwa Mafinga kila siku ikiwa bado na maji mengi, na ukiifunga mwezi wa tano ikiwa mbichi, kufika mwezi wa tisa imekauka na kujipinda, nyufa zimefunguka na silikoni imeachia. Nunua sasa, ipange kwenye kivuli kwa vijiti katikati, iache miezi miwili au mitatu. Ninajua haraka ya mtu mwenye fedha mkononi, lakini mbao haina haraka hiyo.

Mlango uwe mzito. Unaweza kuchukua huo wa plaiwudi ukaupiga ubao mwingine kila upande, ukabadilisha bawaba ziwe tatu, ukaweka mpira kuzunguka fremu nzima na kizingiti chini. Dirisha, kama chumba kina njia nyingine ya hewa, liongezee kioo cha pili kinene zaidi, umbali wa sentimita 10 kutoka cha kwanza.

Mwalimu wa Uyole

Nawashukuru sana, ndaga fijo. La kwaya limeniuma kwa dakika chache, kisha nikakumbuka jinsi tulivyosikika tulipofanya mazoezi humo, nikaona ni kweli.

Nina maswali matatu. Seremala ametaja njia ya hewa: chumba kikizibwa hivyo, watu watapumuaje? Pili, mwezi wa sita na wa saba huku kwetu baridi ya alfajiri inauma, na wazee hawawezi kukaa saa mbili bila moto. Je, ninaweza kuweka jiko la mkaa kwa nusu saa kabla ya kuanza? Tatu, umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, nami naogopa kuunguza vifaa.

Msimulizi wa Tukuyu

Shikamoo Mwalimu. Nitaanza na swali la pili kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu. Tafadhali, jiko la mkaa lisiingie kabisa katika chumba kilichozibwa, si kwa nusu saa wala kwa dakika kumi, si kabla ya kazi wala wakati wa kazi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na anayeivuta huanza kuumwa kichwa na kusinzia, akidhani ni uchovu tu. Chumba ambacho Fundi na Seremala wanakujengea ni chumba ambacho hewa hiyo haitapata pa kutokea. Wazee wapashwe joto kwa blanketi, kwa chupa za maji ya moto miguuni, na kwa chai. Kama umeme upo, hita ndogo ya umeme, ile yenye mafuta yaliyofungwa ndani na isiyo na feni, inaweza kupasha chumba kabla ya kazi, kisha ukaizima mnaporekodi.

Kuhusu hewa, mimi nilitoboa tundu la kuingizia hewa karibu na sakafu na jingine la kutolea karibu na dari ukuta wa pili, na kila tundu nikalijengea kasha la mbao lenye kona mbili au tatu ndani, lililobandikwa blanketi. Hewa inajipinda na kupita. Sauti inagonga blanketi kila kona na kupungua. Bado baada ya kila dakika arobaini ninafungua mlango, watu wanatoka nje, wanapumua.

Sasa niruhusu nitofautiane kidogo na kaka yangu wa Kihesa. Yeye anasema rekodi kiangazi. Mbeya mjini ushauri huo unafaa, kwani mvua zenu zinaanza Novemba na kufikia mwisho wa Mei huwa zimekwisha. Tukuyu hatuna miezi ya namna hiyo. Mvua inaweza kunyesha hata mwezi wa nane. Kwa hiyo mimi niliweka dari kwanza, nikakaa mwaka mzima nikisoma kwa maikrofoni ya bei ndogo, wala sijutii. Anayesikiliza hadithi huvumilia maikrofoni ya kawaida. Mvua inayomfunika msimulizi haivumiliki.

Unyevu nao una madhara yake. Zile fremu za mitumba ni nzuri, ila nguo zifuliwe, zikaushwe juani siku nzima, na fremu zisigusane na ukuta wa nje, la sivyo baada ya masika moja utasikia harufu ya ukungu na wazee wataanza kukohoa. Maikrofoni ihifadhiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Ukiitoa mahali pa baridi na kuiingiza chumba chenye joto, iache nusu saa kabla ya kuiwasha, kwa sababu umande hutanda ndani yake na maikrofoni ya kondensa huanza kukwaruza.

Fundi Sauti, Kihesa

Dada wa Tukuyu amenisahihisha kwa haki, na onyo lake la mkaa naomba lisomwe mara mbili.

Nimalizie umeme na vifaa. Kwa umeme una bahati ambayo huenda hukuiona: una kompyuta mpakato. Ukinunua saundi kadi (kifaa cha kuingiza sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta) yenye matundu mawili ya maikrofoni inayopata nguvu yake kupitia waya wa USB, studio yako yote inatembea kwa betri. Umeme ukikatika katikati ya hadithi, hakuna kitakachosimama. Mimi hurekodi nikiwa nimechomoa chaja hata umeme ukiwapo, kwa sababu chaja nyingi huleta mlio wa chini wa hezi 50 na milio ya juu inayotokana nao, hasa katika nyumba ambazo ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, haikuchimbiwa vizuri. Mwite fundi umeme aipime ethi, na kifaa chochote kinachobaki ukutani kipitie kwenye stabilaiza yenye kuchelewesha dakika chache umeme unaporudi. Simu za wote zizimwe au ziwekwe hali ya ndege.

Kwa maikrofoni, ile ya kondensa uliyoshauriwa inahitaji volti 48 kutoka saundi kadi, na inasikia kila kitu: lori, jogoo, tumbo la msomaji. Kwa chumba ambacho bado hakijatulia ningeanza na maikrofoni ya dainamiki, isiyo nyepesi kunasa kelele za mbali na inayosikia zaidi upande wa mbele, ikae umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni na kwa pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi *p* na *b* isiigonge moja kwa moja. Kitambaa chembamba cha soksi kilichovutwa juu ya pete ya waya kinafanya kazi sawa na kichujio cha dukani. Kwa kwaya baadaye utahitaji kondensa ndogo mbili zinazofanana, zikae juu ya stendi moja ndefu, umbali wa sentimita 17 kati yake na zikitazama nje, pembe kati yake ikiwa nyuzi 110. Mpangilio huo ulibuniwa na shirika la redio na televisheni la Ufaransa, na unaleta upana ambao msikilizaji wa hedifoni anaweza kumwonyesha kwa kidole aliposimama mwimbaji wa sauti ya pili.

Rekodi kwa biti 24, na vilele vya sauti visivuke desibeli 12 chini ya kikomo. Hakuna haja ya kupandisha zaidi wakati wa kurekodi. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kwa hadithi. Spika za monita zisubiri. Hedifoni nzuri zinazofunika sikio lote zitakusaidia zaidi katika chumba cha ukubwa huo.

Kwa hesabu ya akiba yako, mimi ningetenga zaidi ya nusu kwa dari, lipu ya nje na mlango, robo kwa saundi kadi, maikrofoni moja na hedifoni, na kinachobaki ningekiacha benki hadi kwaya itakapokuwa tayari. Ukianza kupokea malipo kwa kazi za watu wengine, pitia BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa usajili, na muandikiane mapema na waimbaji kuhusu nani mwenye haki ya nini.

Mwalimu wa Uyole

Nimeamua. Kesho ninakwenda Mafinga kwa mbao, na trei za mayai nimezirudisha kwa jirani anayefuga kuku. Wazee wasioweza kusafiri nitawafuata Rungwe na betri yangu.

Nina ombi moja la mwisho. Ile rekodi ya bibi, je, kuna namna ya kuiondoa mvua?

Fundi Sauti, Kihesa

Yote haiondoki, Mwalimu, na sitaki nikupe tumaini lisilo la kweli. Mvua ya bati imesambaa katika masafa yale yale ambamo herufi kama *s*, *f* na *sh* zinaishi. Ukiing'oa mvua, unang'oa na maneno.

Kwanza, lile faili la simu lihifadhi kama lilivyo, nakala mbili sehemu mbili tofauti, na usilifanyie kazi yoyote moja kwa moja. Kisha kwenye nakala ya tatu tafuta mahali ambapo bibi amenyamaza kuvuta pumzi na mvua inasikika peke yake, hata sekunde moja, uipe programu kama mfano wa kelele. Mvua hubadilika, kwa hiyo kata hadithi vipande vipande, na kila kipande kipe mfano wake. Shusha kelele kwa desibeli 6, au 8, usizidishe 10. Ukilazimisha zaidi, sauti yake itaanza kusikika kama inatoka ndani ya maji, na wajukuu wake hawataitambua. Zile dakika mbili za mwanzo, kabla mvua haijaanza, usiziguse kabisa.

Andika pia maneno yote ya hadithi ungali unaikumbuka siku ile, kwa sababu wewe ulikuwapo na unajua alichosema mahali ambapo bati limemfunika. Ukipenda nitumie nakala. Jumamosi sina kazi, nitakaa nayo.